Anko, nina dola 500 tu, bunduki ya kwanza ya shabaha nichukue ipi?

Wiki hii barua za bunduki zimekuwa nyingi kuliko za mapenzi, sijui kumeingia nini, basi ngoja tuzimalize zote kwa mpigo, wale wa ndoa na mikopo mtanisubiri toleo lijalo.

SWALI: Anko habari za kazi. Niko Houston, nina grini kadi. Jamaa wa kazini walinipeleka renji nikapiga bunduki zao na kusema kweli nimenogewa. Bajeti ni dola 500 kila kitu, mama watoto amesema haiongezeki hata senti. Sasa mmoja ananiambia chukua AR, ile ya mtindo wa kijeshi, mwingine ati .308 ya risasi kubwa ndo bunduki ya mwanaume, halafu yule mzee wa dukani akanionyesha kitu cha .22 nikaona kama cha mtoto. Siwindi mimi, nataka kutoboa karatasi tu Jumamosi na kurudi nyumbani. Nishike lipi? – Baba Neema, Houston

JIBU: Baba Neema, mzee wa dukani ndo rafiki yako wa kweli hapo, hao wengine wanakutafutia mtu wa kuumia nao mfukoni.

Lakini kabla ya bunduki tuongee makaratasi maana hii safu inasomwa na watu wenye visa za kila aina. Wewe mwenye grini kadi sheria ya Marekani inakuruhusu kununua, dukani utajaza Fomu 4473, utaandika uraia wako na ile namba yako ya uhamiaji, utaonyesha kitambulisho cha jimbo chenye anuani unayoishi, halafu dila, yaani mwenye duka la bunduki, anakutafuta kwenye mfumo wa FBI wa ukaguzi. Wakati mwingine jibu linatoka dakika hiyo hiyo, wakati mwingine wanasema subiri, usipanik, majina yetu haya na ya wengine yanagongana sana. Umri ni miaka 18 kwa bunduki ndefu dukani na 21 kwa bastola, ila majimbo mengine yana yao juu ya hapo, mfano Illinois bila kadi yao ya FOID hununui hata risasi.

Mwenye visa ya shule au ya kazi, hapo simama. Kwa kawaida hairuhusiwi hata kuishika, yaani ukikodi pale renji unakuwa umevunja sheria, isipokuwa uwe na mojawapo ya vile vibali vya pekee kama leseni halali ya uwindaji, na hata hapo ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, usiongee na shemeji. Na tafadhali sana mtu asikupe hela yake umnunulie kwa jina lako kwa sababu yeye visa yake haimruhusu. Kudanganya kwenye ile fomu ni kosa la serikali kuu, na makosa ya silaha kwa sisi tusio raia yanaweza kukupandisha ndege ya kurudi na watoto ukawaacha huku. Fomu inauliza pia habari za bangi, na kama jimbo lako wameihalalisha hiyo haikusaidii kwenye fomu ya serikali kuu.

Haya, tumeingia dukani sasa.

Chukua .22, ile yenyewe wanaiita .22 Long Rifle, ipo tangu 1887 na watu wanaona kama ya watoto kwa sababu ni ndogo na haipigi teke. Kwani Olimpiki kwenye bunduki ya mita 50 wanatumia risasi gani? Hiyo hiyo, na pale katikati ile alama ya 10 ina upana wa milimita 10.4, kagusie rula uone ni kadogo kiasi gani, kwahiyo mtu akikwambia .22 ni ya kuchezea mwambie akaijaze hiyo 10 kwa .308 yake. Kutokupiga teke ndo faida yenyewe. Bunduki kubwa inamfundisha mgeni kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa woga, na huo ugonjwa ukishakuingia kuutoa ni kazi.

Alafu hesabu. Risasi nzuri ya kawaida ya .22 inakwenda senti 10 hivi moja, ya .308 ni dola moja na kupanda. Jumamosi moja ukipiga risasi 100 upande mmoja ni dola 10, upande mwingine ni 100, na mama watoto anaisoma ile meseji ya benki kama wewe unavyoisoma. Kwa hela ile ile mwenye .22 anajifunza mara kumi ya mwenzake, mimi sioni mjadala hapo.

Aina yake sasa. Kuna zinazojikoki zenyewe na kuna za bolti, unakoki kwa mkono kila risasi. Kwenye zinazojikoki mfalme ni Ruger 10/22, imetoka 1964 mpaka leo kila duka inayo, dola 300 na kidogo, magazini yake ya risasi 10 haisumbui na vipuri vyake vimejaa kila kona. Ni bunduki tamu. Shida yake kwa mtu anayetaka kujifunza shabaha ni kwamba inamaliza boksi kabla hujajua ulichokosea, unafyatua tu pa pa pa pa unacheka, halafu kifyatulio chake cha kiwandani ni kizito, watu wanaishia kununua kingine. Kwa hiyo wewe nakuweka kwenye bolti. Bolti inakulazimisha utulie, upumue, uangalie tundu lako limeangukia wapi ndo uweke nyingine.

Na kwenye bolti kwa hela yako ni Savage Mark II. Ya kawaida kabisa, kitako cha plastiki, ile yenye saiti za chuma, vile vya kulengea kwa macho, juu ya mtutu, inapatikana kwenye dola 250 mpaka 300 kutegemea na duka. Kifyatulio chake unakirekebisha mwenyewe kiwe chepesi au kizito. Sura haina, bolti yake ina ukavu fulani hivi ukiivuta, na ile plastiki ukiigonga inalia kama ndoo, lakini karatasi haioni kitako. Wapo watakaokutajia CZ 457 ya kule Czech au Tikka T1x ya Finland, na hawadanganyi, ni bunduki bora kuliko Mark II, bolti zinateleza na kifyatulio safi. Ila ukizibeba hizo, ukiongeza kodi ya mauzo ya Houston 8.25% na vya kulinda masikio na macho, 500 yako imekwisha, una bunduki nzuri ukutani na huna risasi. Ungekuwa na 800 ningekwambia CZ bila kufikiria.

Ngoja nikupigie na hii, maana najua unajiuliza kwa nini nimesema saiti za chuma na sio skopu, ile darubini ya kulengea. Chukua Mark II yenye mtutu mzito isiyo na saiti, 300, skopu ya maana 100, ringi za kuishikia 25, kodi, vizibo vya masikio na miwani, uko ukingoni mwa 500 na hujapiga hata moja. Chukua ile ya kawaida, 250 na kodi yake, masikio na miwani dola 30, unabakiwa na kama 200. Hizo ni risasi elfu moja na zaidi kidogo na chenji ya kiingilio cha renji. Skopu itakuja Krismasi. Na siku ukinunua, omba ya rimfaya, yaani ya bunduki ndogo kama hii ya .22, ile iliyopangwa kwa yadi 50, sio ya bunduki kubwa iliyopangwa kwa yadi 100, maana kwa hiyo ukisogeza jicho kidogo tu ile alama inahama kwenye karatasi na utadhani wewe ndo hujui. Na uliza ringi zinazokaa kwenye bunduki YAKO, CZ kwa mfano ina reli nyembamba ya milimita 11 na ringi za kawaida hazishiki pale, watu wanarudi dukani kila siku kwa hilo.

Kuhusu mtumba: kwa .22 mimi naupenda sana. Risasi yenyewe ni ya risasi laini ile ya madini, mtutu hauliki haraka, bolti ya zamani kama CZ 452 iliyotunzwa inakuzika. Angalia mdomo wa mtutu usiwe na pengo wala mkwaruzo, chungulia ndani kwa tochi uone kutu, na nunulia kwa dila, usinunue kwa mtu kwenye paking hata kama anakupunguzia 50. Huijui hiyo bunduki imetoka wapi.

Risasi zenyewe: usinunue ndoo nzima ya bei rahisi siku ya kwanza. Nunua maboksi ya aina tatu nne, boksi ni risasi 50, kaa yadi 50 upige tano tano za kila aina kwenye karatasi tofauti uone bunduki yako inapenda nini, maana zinachagua kweli, bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda vitu tofauti. Ningeanza na zile za mwendo wa kawaida, zinazotoka kama mita 325 kwa sekunde, sio zile zilizoandikwa haivelositi. Zile za kasi zinatoka zimeipita sauti halafu njiani zinashuka chini yake, na pale zinapovuka zinayumba, za taratibu hazina hiyo safari. Zile standadi za kampuni ya CCI zinatosha kabisa kuanzia.

Usafishaji usizidishe. Hizi risasi zina nta na mtutu unatulia ukishapakwa, ukiung'arisha kila Jumamosi risasi za kwanza zitatawanyika. Mafuta kidogo kwenye bolti, basi.

Na usalama, nisikuchoshe maana renji watakufundisha: kila bunduki ichukulie ina risasi, mdomo usielekee kitu usichotaka kukiharibu, kidole nje ya kifyatulio mpaka umelenga, jua nyuma ya shabaha kuna nini. Soma boksi la .22 wameandika inaweza kwenda maili moja na nusu, hicho cha mtoto unachokiona. Ukitoka nawa mikono na uso kabla ya kushika chakula, vumbi la madini ya risasi ni sumu, na zile nguo usizitupe kwenye kochi wanakochezea watoto. Nyumbani bunduki ifungwe, risasi kwingine. Texas ni kosa la jinai mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi uliyoiacha ovyo, na Neema najua hajafika huko.

Mwisho tafuta wikiendi ya Project Appleseed karibu na wewe, wanafundisha kwa .22 kwenye mita 25, wanaoanza ndo wengi. Utasikia historia nyingi ya Aprili 19, 1775, siku vita vya uhuru vya Marekani vilipoanza, vumilia, mafunzo yao ni mazuri. Na kama utanogewa zaidi kuna mashindano ya NRL22 ya kila mwezi ambayo yana daraja la bunduki za bei ya chini lenye kikomo cha bei, kwahiyo hakuna mtu atakuja na ya dola elfu tatu kukuaibisha.

SWALI: Anko, tuko Leicester, kijana wangu ana miaka 15 anataka bunduki ya upepo ya shabaha, anasema Uingereza haina leseni. Ni kweli au ananipiga fiksi? – Mama Swaleh

JIBU: Nusu nusu, Mama Swaleh. Uingereza yenyewe na Wales bunduki ya upepo ambayo nguvu yake haizidi futi-pauni 12 haihitaji leseni, ila yeye kwa miaka 15 haruhusiwi kununua, mpaka 18, lazima uwe wewe, na dukani unakwenda mwenyewe ana kwa ana. Mkihamia Scotland inahitaji cheti tangu 31 Desemba 2016.

Mimi ningekwambia usinunue kwanza. Mpeleke klabu ya shabaha, wana bunduki zao na wasimamizi, akae miezi mitatu. Akishikilia bado, Weihrauch HW30 ya springi, pauni 200 na kitu, ya milimita 4.5, na kopo la vile virisasi vyenye kichwa bapa vinavyotoboa karatasi tundu la mviringo safi. Za springi ni ngumu kuzishika vizuri kwa sababu inaruka kabla kirisasi hakijatoka, kwahiyo asikate tamaa mwanzoni. Zile za mtungi wa hewa ni rahisi kupiga ila utanunua na pampu, na pampu nayo ina bei yake. Bustanini kwenu hapana kama ukuta wa jirani uko karibu, kirisasi kikivuka mpaka wa eneo lenu ni kosa.

SWALI: Kaka yangu yuko Dallas anakuja Desemba, anaweza kuniletea .22 kwenye begi? Nasikia kule ni kama kununua simu. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Kule anahitaji kibali cha kuitoa, na kwenu Kenya unahitaji cheti chako cha Bodi ya Leseni za Silaha na kibali cha kuingiza, vyote kabla hajapanda ndege, na bila hivyo nyinyi wawili mtakula Krismasi rumande. Anza kwa klabu inayotambulika, uliza masharti ya bodi, fuata foleni. Ndugu zetu wa Tanzania msianze kuniandikia swali hilo hilo, kwenu kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015 na jibu linaanzia polisi. Mwambie kaka alete viatu.