Maswali na majibu: QGIS, GDAL na PostGIS kwa mstari wa amri

QGIS ni programu ya kutengeneza na kuchambua ramani; GDAL ni zana za kusoma na kubadilisha data za ramani, zikiwemo amri za `ogr2ogr` na `ogrinfo`; PostGIS ni nyongeza ya kuhifadhi data za ramani ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL.

Nimesakinisha QGIS kwenye Ubuntu kwa `sudo apt install qgis`, nikapata toleo la zamani kuliko la wenzangu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hujakosea popote. Hazina ya Ubuntu (ghala lake la programu) hubaki na toleo lililokuwapo wakati mfumo wenyewe ulipotoka. Watengenezaji wa QGIS wana hazina yao: weka ufunguo wao ndani ya `/etc/apt/keyrings`, ongeza `https://qgis.org/ubuntu-ltr` kwenye vyanzo vya apt, kisha `sudo apt update` na usakinishe tena. Usiiache hiyo `-ltr`. Ni tawi linalorekebishwa kasoro kwa muda mrefu bila kubadilishwabadilishwa, na kwa anayeandika tasnifu sioni sababu ya kuchagua jingine. Ukishaanza uchambuzi, lizuie lisipande: `sudo apt-mark hold qgis`.

Data ya OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea) ya Tanzania inakatikia njiani, bando linakwisha. Nifanyeje? (Mbagala)

Acha kupakua kwa kivinjari. Tumia `wget -c`, inayoendelea pale ilipoishia. Ila angalia: kwenye seva ya Geofabrik, inakopakuliwa data hiyo, faili la `tanzania-latest.osm.pbf` hubadilishwa kila siku. Ukianza leo na kumalizia kesho, utaunganisha nusu mbili za mafaili tofauti. Chukua lenye tarehe kwenye jina, pamoja na kifaili chake cha md5 (namba ya kuthibitisha kuwa faili limefika zima), kisha ulihakiki kwa `md5sum -c`. Halafu kata eneo lako tu:

`ogr2ogr -f GPKG -spat 39.1 -7.0 39.4 -6.6 dar.gpkg` ikifuatiwa na jina la faili ulilopakua.

Namba hizo ni magharibi, kusini, mashariki na kaskazini. Humo utakuta hata mitaro ya kata zinazofurika, iliyochorwa na wanafunzi na wakazi kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza 2015. Kazi yao inastahili kutumika.

Viwanja kutoka ramani ya zamani vinaangukia kaskazini ya mahali pake, karibu mita 300. Nivisogeze kwa mkono? (Mpimaji, Kibaha)

La, tafadhali usivisogeze! Ramani zetu nyingi za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa viwianishi (namba za kuonyesha mahali) uitwao Arc 1960, ilhali GPS na picha za setilaiti hutumia mwingine, WGS 84. Namba za mfumo mmoja zikisomwa kana kwamba ni za mwingine, kiwanja huhama kwa kiasi hicho hicho. Kwanza soma faili linajitambulishaje:

`ogrinfo -so -al viwanja.shp`

Kama halina mfumo wowote, na una hakika ni Arc 1960, libadilishe:

`ogr2ogr -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:32737 viwanja_mpya.gpkg viwanja.shp`

Faili jipya hutangulia, la zamani hufuata. Wengi huteleza kwa kutumia `-a_srs`, ambayo hubandika jina la mfumo tu bila kugusa namba hata moja. Ramani inaonekana imetengenezwa, kumbe bado imekaa vibaya vilevile. Misimbo hii ya EPSG (namba za kutambulisha mifumo ya viwianishi) ni ya kanda ya 37 kusini, mashariki ya longitudo 36. Wa Dodoma na Mwanza watumie 21036 na 32736.

Jambo moja zaidi, na hapa ni mipaka ya watu tunayoizungumzia. Kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 kuna zaidi ya njia moja ya kukokotoa, nazo hutofautiana kwa mita kadhaa. `projinfo -s EPSG:21037 -t EPSG:32737 --summary` itakuorodheshea. Kabla hujamkabidhi mtu ramani, linganisha matokeo na nguzo ya upimaji ambayo viwianishi vyake unavyo kwa mifumo yote miwili.

Natumia Windows. Amri hizi zinanihusu? (Arusha)

Za GDAL zote. Sakinisha kwa OSGeo4W, kisakinishi cha programu za ramani kwa Windows, kisha fungua OSGeo4W Shell badala ya dirisha la kawaida la amri.

Tumesasisha seva, sasa PostGIS inalalamika kuhusu toleo. (Ofisi ya halmashauri)

Hifadhini nakala kwanza: `pg_dump -Fc -f ramani.dump ramani` (hilo `ramani` la mwisho ni jina la hifadhidata). Kisha, ndani ya hifadhidata hiyo, endesheni `SELECT postgis_extensions_upgrade();`. Nakala isikae kwenye diski ileile ya seva, na muijaribu: `createdb jaribio`, halafu `pg_restore -d jaribio ramani.dump`. Matabaka yakifunguka kwenye QGIS kutoka `jaribio`, mna nakala ya kweli.