Je, Kutunza Mazingira ni Kazi ya Kanisa?

SWALI: Mhariri, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilipopendekeza usharika wetu uunde kamati ya mazingira, baadhi ya washarika walinipinga wakisema kwamba kazi ya kanisa ni kuokoa roho, si kupanda miti. Mmoja wao alitusomea Mwanzo 8:22, kwamba majira ya kupanda na mavuno hayatakoma, akauliza kwa nini tuhofie mabadiliko ya tabianchi ilhali Mungu ameahidi. Niwajibu nini, na tuanzie wapi?

JIBU: Mzee wetu mpendwa, anzia kwenye andiko alilolisoma huyo ndugu, kwa maana ahadi hiyo ni ya kweli na haifai kuipunguza hata kidogo. Inasema kwamba majira hayatakoma. Haisemi kwamba mvua itafika wakati uleule, wala kwamba matendo yetu hayana matokeo. Tena ilitolewa Nuhu alipotoka katika safina aliyoijenga kwa mikono yake na kuwahifadhi humo wanyama wa kila aina. Kwake yeye, kumtii Mungu na kuokoa viumbe lilikuwa jambo moja.

Kuhusu hoja ya kuokoa roho, wasomeeni Mwanzo 2:15, ambapo mwanadamu anawekwa bustanini “ailime na kuitunza”. Vitenzi viwili vya Kiebrania vilivyotumika hapo, abad na shamar, vinatumika pia pamoja katika Hesabu 3:7-8 kuhusu utumishi wa Walawi katika maskani, yaani hema la ibada. Binafsi sijaona hoja yenye nguvu kuliko hiyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba anayeitunza ardhi anafanya kazi inayotajwa kwa maneno yaleyale ya huduma ya hemani.

Wala hili si jambo la dhehebu moja. Mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli, kiongozi wa Waorthodoksi, aliitenga tarehe 1 Septemba iwe siku ya kuombea uumbaji. Mwaka 2015 Papa Francis akaipokea siku hiyo kwa Wakatoliki, na leo makanisa mengi huadhimisha Majira ya Uumbaji kuanzia tarehe hiyo hadi 4 Oktoba.

Washarika waelezwe pia chanzo cha mabadiliko ya tabianchi, ili wasidhani kwamba ni adhabu isiyo na sababu. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa, ambayo hunasa joto na kuipasha dunia, ilikuwa takribani sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kufyeka misitu. Wanaoumizwa kwanza na ukame na mafuriko mara nyingi ni wale waliochangia kidogo kabisa, na hapo ndipo amri ya kumpenda jirani inapotugusa.

Sasa, mwanzo wenyewe. Ningekushauri usianze na kamati. Anza na mambo mawili yanayoweza kuonekana na kupimwa. La kwanza ni paa la kanisa: kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 300 likipata milimita 10 tu hupokea lita 3,000, ukiondoa kiasi kinachopotea. Maji hayo yakielekezwa kwenye tangi, yatamwagilia jambo la pili, yaani miti.

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona miche mingi ikipandwa kwa nyimbo na picha, kisha ikakauka kabla ya msimu kwisha. Pandeni michache, ya aina za asili zinazostahimili hali ya mahali penu, na kila mche upewe mtu wa kuutunza kwa jina, huku fedha ya uzio na ya kumwagilia ikiingizwa katika bajeti ya usharika kama inavyoingizwa ya ukarabati wa jengo. Baada ya mwaka mmoja, hesabuni iliyo hai, wala msihesabu iliyopandwa.

Na huyo ndugu aliyesoma Mwanzo 8:22, mwombeni alisome tena andiko hilo siku ya kupanda, kisha mkabidhini mche wa kwanza.