Jibu: Orodha inaongezeka ila skrini haibadiliki. Usiilaumu React

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umemaliza kozi ya React, ile maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, unatengeneza ukurasa wa bidhaa, ukibonyeza "Ongeza" konsoli (dirisha la kivinjari la kuchungulia kodi) inaonyesha bidhaa imeingia lakini skrini imekaa vilevile. Sasa unauliza uhamie fremuweki nyingine au urudi kusoma JavaScript tangu sura ya kwanza. Mimi nasema usifanye lolote kati ya hayo. Kosa lako nalijua, nililala nalo wiki nzima.

Naamini umeandika bidhaa.push(mpya) kuongeza kitu kwenye orodha, kisha setBidhaa(bidhaa) kuipa React orodha hiyo. Ngoja nikueleze kinachotokea. Ukiandika let b = a, na a ni namba 7, b inapata 7 yake, huko mbele kila mmoja na maisha yake. Lakini a ikiwa orodha au objekti, hujatengeneza orodha ya pili. Umechonga ufunguo wa pili wa chumba kilekile. Anayeingia kwa ufunguo wowote akihamisha kitanda, kitanda kimehama kwa wote. React ukiipa hali mpya (data ya kuchora skrini) haiingii ndani kuhesabu vitu, inauliza tu kama chumba ni kilekile. Na push imeongeza kiti chumbani, chumba hakijabadilika. Basi haichori kitu. Andika setBidhaa([...bidhaa, mpya]), zile nukta tatu zinamwaga vitu vya zamani kwenye orodha mpya kabisa. Ila angalia, objekti zilizomo ndani bado ni zilezile. Ukibadilisha bei ya bidhaa moja humo, imebadilika kwenye orodha zote mbili. Na hapo ndipo utaelewa kwa nini const orodha = [] inakubali push bila kelele: const inafunga jina, haifungi yaliyomo.

Unaona hapo hakuna kosa la React hata moja? Ni JavaScript tupu.

Mimi nilijifunzia dukani kwa mama mdogo, Mwanza. Daftari lake la madeni lilikuwa limechakaa, nikajigamba nitamtengenezea ukurasa wa kuandika nani anadaiwa nini. Siku ya kwanza mteja alikuwa na deni la 5000, akaongeza mchele wa 3000. Mama mdogo akaniita: "Baba, huyu tunamdai milioni hamsini?" Skrini inasema 50003000. Kinachotoka kwenye kisanduku cha kujazia ni maandishi, hata kama umeandika tarakimu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi inayaunganisha. Kilichonipoteza zaidi ni kwamba upande wa malipo ulikuwa sahihi, kwa sababu kutoa hakuna maana kwenye maandishi, hivyo "5000" - "3000" inageuzwa namba yenyewe na kukupa 2000. Nikatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipo. Nikaweka Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba, nikajiona nimepona, kesho yake akaandika 5,000 na mkato kama anavyoandika kwenye daftari, jibu likaja NaN, yaani si namba. Watu wa kweli hawaandiki kama mifano ya kwenye kozi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kila jina lilikuwa na kitufe cha "Amelipa". Ukibonyeza cha yeyote, anayefutiwa deni ni wa mwisho kwenye orodha! Nilikuwa nimefuata somo la zamani linalotumia var (neno la zamani la kutangaza kigeu) ndani ya lupu, yaani kodi inayojirudia. Var haiheshimu mabano ya lupu. Mteja alikuwa kigeu kimoja kinachoandikwa upya kila mzunguko, na vitufe vyote vilishika hicho kimoja. Fanksheni haibebi picha ya thamani iliyokuwepo siku inazaliwa, inabeba kigeu chenyewe. Hiyo ndiyo wanaita kloja, na imewatisha watu bure. Ukitumia let au const kila mzunguko unapata kigeu chake. Hizo mbili ziliingia rasmi mwaka 2015, kwa hiyo ukikuta somo limejaa var, lipite tu. Lugha yenyewe Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha enzi hizo, na baadhi ya vituko vya enzi zile bado tunaishi navyo. Jaribu typeof null uone inakujibu nini.

Jambo la mwisho ambalo kozi nyingi hulipitia mbiombio ni muda. Mfikirie muuza chipsi aliye peke yake na jiko moja. Akishatumbukiza viazi kwenye mafuta hasimami kuvikodolea macho, anamhudumia mwingine, viazi vikiiva anavirudia. Lakini hawezi kumwacha mteja katikati ya kuhesabiwa chenji. JavaScript kwenye kivinjari iko hivyo: mtu mmoja, kazi moja kwa wakati. Fetch, yaani kuomba data mtandaoni, ni kutumbukiza viazi. Ukiuliza jibu kwenye mstari unaofuata bila await (neno la kusubiri jibu), unapewa ahadi (Promise), hupewi data. Andika haya kwenye konsoli, yote kwa pamoja, na ukisie kabla ya kubonyeza:

console.log("moja");
setTimeout(() => console.log("mbili"), 0);
Promise.resolve().then(() => console.log("tatu"));
console.log("nne");

Inatoka moja, nne, tatu, mbili. Ile sifuri ya setTimeout, ambayo kazi yake ni kuahirisha, haimaanishi sasa hivi, inamaanisha nikimaliza nilichoshika. Na ahadi zina foleni yao inayohudumiwa kabla ya ile ya setTimeout. Ukiweza kumweleza mtu kwa nini, hata mdogo wako wa nyumbani, umevuka sehemu iliyonichukua miezi.

Prototipu na zile klasi ziache kwanza, React ya sasa utaandika muda mrefu bila kuzigusa. Neno this lisome siku litakapokuuma. Ukilinganisha vitu tumia === badala ya ==, hiyo haina mjadala. Na ukipanga bei kwa sort() tupu, ujue inapanga kama maandishi: 10000, 500, 9000. Mpe fanksheni, sort((a, b) => a - b). Hili nalo niliambiwa na mama mdogo.

Kwa hiyo leo usifungue kozi yoyote. Rekebisha ile push, kisha ongeza kitufe cha kufuta bidhaa na cha kubadilisha bei. Cha bei ndicho kitakusumbua. Ukikwama bandika hapa fanksheni nzima kama maandishi, siyo picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, maana jana kuna mtu katuletea moja hadi mwanga wa taa unaonekana na mstari wenye kosa umejificha nyuma yake.