Kachumba ka kupumzikia: usianze na dirisha, anza na mtu anakaa wapi

Wadogo zangu mnaoingia studio mwaka huu, kuna zoezi ambalo wanafunzi wengi wa usanifu majengo lazima wakutane nalo mapema, unaambiwa chora chumba kidogo cha mtu kupumzika, mwanga wa asili ndo uwe mhusika mkuu. Unajiambia aah hii nyepesi, mita 3 kwa 4, nakesha siku moja namaliza. Mi niliichukulia hivyo hivyo. Nikaweka ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi kisa machweo, kochi nikaligeuzia huko, picha ya 3D ikatoka kali mpaka washkaji wakaiomba. Siku ya kuwasilisha mwalimu wala hakugusa habari ya umbo au matirio, kauliza tu, "saa kumi jioni mimi nakaa wapi humu?"

Nikatoa macho. Maana saa kumi jua la magharibi limeshashuka, linakuingia usoni moja kwa moja, na muda huo hewa na kuta zimeshapata moto wa mchana kutwa. Kwa hiyo nilichokuwa nimechora ni oveni yenye kochi.

Tangu hapo sichori dirisha kwanza. Naanza na mwili. Mtu amekaa au amelala? Anafika saa ngapi? Anasoma, anasinzia au anatazama tu nje? Aliyekaa kwenye kiti macho yake yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni, aliyelala anatazama dari, na hao wawili wanataka matundu tofauti kabisa. Watu wanapenda kuweka skailaiti, yaani dirisha la kwenye paa, juu ya kitanda cha kupumzikia kwa sababu kwenye karatasi inaonekana ya kishairi, halafu mtu akilala pale anatazamana na anga jeupe mpaka anafunika macho na mkono. Hata siku ya mawingu mazito, anga la juu ya kichwa linang'aa karibu mara 3 kuliko lile la pembezoni. Ukitaka mwanga wa juu sawa, ila usogeze pembeni, uangukie ukutani na sio usoni kwa mtu. Jumba la makumbusho la Kimbell kule Texas, lililochorwa na msanifu Louis Kahn, likafunguliwa 1972, lina mpasuo mrefu juu ya kila dari la mviringo, lakini ukiwa chini huoni jua, chini ya mpasuo kuna bati za alumini zinazourudisha mwanga juu kwenye zege halafu ndo unashuka umepoa. Chumba chako ni kidogo, huhitaji mitambo hiyo, ila wazo libebe.

Kuhusu upande wa kufungulia, msikariri. Sheria ya "dirisha la kaskazini ndo zuri" inafanya kazi ukiwa mbali kaskazini mwa ikweta, ukiwa kusini inageuka. Ukiwa karibu na ikweta jua linakaa miezi kadhaa kaskazini na miezi kadhaa kusini, ila mchana linakuwa juu sana, kwenye ikweta yenyewe saa sita ya mchana halishuki chini ya digrii 66 mwaka mzima, kwa hiyo kapaa kadogo kakitokeza juu ya dirisha kanatosha kulizuia. Mashariki na magharibi ndo kwenye kesi, sababu pande zote hizo jua linakuja limelala na hakuna kapaa kanakolizuia. Mashariki asubuhi bado unaweza kuisamehe kama chumba ni cha kunywea chai.

Sasa kitu ambacho kilinichukua muda kuelewa: tatizo la chumba kidogo mara nyingi sio giza, ni mwanga kuzidi na kukaa sehemu moja. Kanuni ya haraka ni kwamba mwanga wa maana wa dirishani unaingia ndani kama mara 2 mpaka 2.5 ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni, yaani linta (boriti ya juu ya dirisha) ikiwa mita 2.1 unapata mita 4 na zaidi kidogo. Chumba chenyewe kina kina cha mita 3! Kumbe dirisha moja la kiasi linatosha, swali ni lipo wapi. Ukilitoboa katikati ya ukuta mzito wenye rangi nzito linakuwa kama taa ya gari inayokujia gizani, pembeni yake kila kitu kinaonekana cheusi na macho yanachoka bila wewe kujua kwa nini. Lisogeze mpaka liguse ukuta wa pembeni, mwanga unaanza kutambaa juu ya ule ukuta, ukuta wenyewe unakuwa taa. Na kama ukuta ni mnene, chonga kingo za ndani zipanuke kuja chumbani, zile kingo zinapata mwanga wa katikati, sio mkali kama nje wala hafifu kama ndani, na macho yanavuka taratibu.

Rangi nayo isikuponyoke. Nyeupe inarudisha kama asilimia 80 ya mwanga, mbao nyeusi hata 20 haifiki. Mi kuna kachumba nilikapaka sakafu nyekundu iliyokolea karibu na dirisha, kurasa za kitabu zikawa na wekundu kama mtu kamwaga juisi, nikaishia kutupa mkeka juu yake.

Ila msidhani kupumzika maana yake kila kona ing'ae. Kanisa la Mwanga la msanifu Tadao Ando, karibu na Osaka kule Japani, 1989, ni boksi la zege lenye giza na msalaba uliokatwa ukutani, na bila lile giza msalaba usingekuwa na nguvu hiyo. Mtu akitaka kutulia anapenda mgongo wake uwe kwenye kivuli na mwanga uwe mbele au ubavuni, angalieni hata paka anavyochagua pa kulala (sawa, paka anafuata jua, lakini mgongo haachi wazi).

Halafu tengenezeni modeli, nawasihi. Kompyuta inadanganya vizuri sana. Kadibodi ya skeli 1:20, yaani ndogo mara 20 kuliko chumba, inatosha, kwa sababu mwanga haujali ukubwa, kwenye modeli unatenda vile vile kama kwenye chumba chenyewe. Ndani paka rangi halisi utakazotumia, viungio funika kwa tepu nyeusi kwa sababu kadibodi inavujisha, toboa katundu ka kamera ya simu usawa wa macho ya aliyekaa, na ufunge mipangilio ya mwanga kwenye kamera, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe na kila picha itaonekana poa. Kisha toka nayo nje. Jua linasogea digrii 15 kila saa, ukiinamisha na kuzungusha modeli dakika chache unaona siku nzima ikipita.

Mi niliporudia zoezi lile nilifuta kioo chote nikabakiza dirisha moja la sentimita 60 kwa mita 1.2, limebana kwenye ukuta wa pembeni, na kibenchi ubavuni mwake. Mwalimu akainama akachungulia kwenye katundu, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kutabasamu.

"Na usiku?" akauliza.

Sikuwa nimechora taa hata moja.