Re: V8 imekataa kukaa kwenye Cobra yangu

Salaam ndugu. Nimekuelewa: bodi ya faiba ya Cobra (nakala ya lile gari la michezo la zamani) unayo, injini ya V8 (silinda nane) ya Toyota ya lita 4 unayo, ila ukiishusha injini, boneti haifungi na usukani unakwama. Usikate chuma bado.

Kwanza angalia shafti ya usukani. Mimi hapa Malindi nilimaliza wiki mbili nikilaumu mauntingi (vishikizo vya injini), hadi nilipolala chini na tochi nikaona manifoldi ya kulia (bomba la kukusanya moshi wa injini) imeikalia shafti. Nilitengenezewa manifoldi nyingine inayopinda nyuma, mambo yakaisha.

Boneti nayo usiikisie kwa macho. Nilichukua donge la unga wa chapati (mke wangu alinikodolea macho hayo!), nikalibandika juu ya injini, nikafunga taratibu hadi boneti ilipogoma, kisha nikapima unene wa donge lililobanwa. Kumbuka injini hutikisika ukikanyaga mafuta, kwa hiyo achia kama sentimita 2 na nusu.

Halafu chesisi, yaani fremu ya gari. Hata Carroll Shelby, Mmarekani aliyeiunda Cobra, alipotia injini ya lita 7 mwaka 1965, Cobra ilipewa chesisi mpya, mabomba yake makuu yakatoka upana wa inchi 3 hadi 4. Kama yako iliundwa kwa injini ya silinda nne, iimarishe kabla ya kuchomelea mauntingi.

Rejeta iwe kubwa, na hewa moto ipate pa kutokea. Joto letu unalijua. Waya sikuzigusa, nilimwachia fundi wa umeme.

Tuma picha ya upande wa usukani.