Je, Mwani wa Kijani Huitambua Homoni ya Ukame?

Swali: Ninafundisha baiolojia sekondari. Nimesoma kwamba asidi ya absisiki (ABA), homoni inayoujulisha mmea kwamba kuna ukame, hupatikana katika mwani wa kijani, na kwamba baadhi ya mwani huo una kipokezi chake, yaani protini ya kuipokea. Je, ni sahihi kuwaambia wanafunzi kwamba mwani huutambua ukame kama mhindi (mmea wa mahindi)?

Jibu: Hapana, Mwalimu, ingawa yote mawili uliyoyasoma ni kweli.

Katika mhindi, mfumo huu hufanya kazi kwa kukizuia kizuizi. Maji yakitosha, vimeng'enya vya PP2C huziondolea fosfati kinasi za SnRK2 (vimeng'enya vinavyowasha protini nyingine kwa kuzitia fosfati), nazo hubaki zimelala. Ukame ukiingia, ABA huongezeka na kuingia katika uwazi uliomo ndani ya kipokezi cha PYL, ambacho hubadili umbo, huishika PP2C na kuziba mahali pake pa kufanyia kazi. Hapo SnRK2 huachiliwa, zikaamsha jeni za kuhimili ukame na kuzifanya stomata, vile vitundu vya majani, zifunge.

Sehemu za mnyororo huu hazikuzaliwa siku moja. Chlamydomonas, mwani wa kijani wa seli moja ambao jenomu yake ilichapishwa mwaka 2007, ina kinasi za jamii ya SnRK2 na huzitumia inapopungukiwa salfa, lakini haina PYL kabisa. PYL huonekana katika Zygnema na jamaa zake, yaani zile nyuzi laini za kijani za kwenye madimbwi, ambazo kwa nasaba ziko karibu zaidi na mhindi kuliko zilivyo na Chlamydomonas. (Mwani unaolimwa Zanzibar, cottonii na spinosum, ni mwekundu, kwa hiyo haumo katika mjadala huu.)

Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba PYL ya Zygnema huizuia PP2C bila ABA kuwapo, na kuongezewa ABA hakuibadilishi kazi hiyo. Kwa maneno mengine, protini ilikuwa ikifanya kazi yake kabla homoni haijawa ufunguo wake. Uwezo wa kuiitikia ABA ulijitokeza baadaye, katika mimea ya nchi kavu. Ndiyo maana mimi huwa na shaka na makala zinazohesabu jeni zinazofanana na kutangaza kwamba mfumo mzima umepatikana: kufanana kwa protini hakuthibitishi kwamba zinapokea ujumbe ule ule.

Ukihitaji mfano wa homoni inayofanya kazi kweli katika mwani wa kijani, chukua ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi. Mwaka 2015 ilidhihirika kwamba Spirogyra, jamaa ya Zygnema, huitengeneza na pia huiitikia kwa kurefusha seli zake, na protini yake ya EIN3, inayopitisha ujumbe wa ethilini, ilipopandikizwa katika Arabidopsis (mmea mdogo wa maabara) yenye kasoro katika jeni ya protini hiyo, iliurejeshea mmea huo uwezo wa kuiitikia ethilini.