Tarantula wangu hali wala hatulii

SWALI: Mhariri, rafiki yangu aliyehamia ng'ambo aliniachia tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, wa rangi ya machungwa, nami nimemweka katika tangi la kioo la samaki lenye kokoto chini, hapa nyumbani Umoja. Usiku kucha huparamia kuta, nikifungua kifuniko huinua miguu ya mbele na kunionyesha meno, na sasa ni wiki ya tatu hajagusa nyenje ninaomletea. Je, ni mgonjwa au ni mkali tu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, katika maelezo yako sioni dalili ya ugonjwa, bali namwona mnyama mwenye hofu aliyekosa mahali pa kujificha. Huenda huyo ni Pterinochilus murinus, buibui wa Afrika ambaye wale wa rangi ya machungwa wanajulikana sana kutoka milima ya Usambara, na ambaye porini hujichimbia shimo au hukaa chini ya mawe na mizizi, akizungushia mlango wake utando mzito. Anapoinua miguu anakuonya uondoke. Tarantula wengi wa bara la Amerika hurusha vinyweleo vinavyowasha, lakini wa Afrika hawana vinyweleo hivyo, kwa hiyo hutegemea mbio na meno, na akikuuma utapata maumivu makali na mkazo wa misuli. Tafadhali usimshike kwa mkono kamwe.

Mfunike kwa kopo pana, pitisha karatasi ngumu chini yake, umhamishe, kisha uondoe kokoto zote. Jaza udongo mkavu usio na mbolea wala dawa, au makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 10 hadi 15, uushindilie ili shimo lisiporomoke, na ulaze juu kipande cha gome la mti ambacho chini yake umemwanzishia kishimo. Nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi sana upana wa miguu yake iliyotandazwa, kwa maana tumbo lake ni laini na likipasuka kwa kuanguka ni vigumu apone. Kifuniko kifungwe imara na kiwe na matundu ya hewa. Mwekee kisahani cha maji. Usimwanike juani, kwa kuwa kioo hupata moto upesi, na katika baridi ya Julai mweke mbali na dirisha. Chumba alimo kisipulizwe dawa ya mende.

Kuhusu kula, tarantula mzima aliyenona anaweza kufunga kwa miezi, hasa anapokaribia kujivua gamba. Ukimkuta amelala chali, usimguse wala usimpindue, kwani ndivyo anavyojivua. Anayekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili wake. Nyenje asiyeliwa mtoe, maana anaweza kumtafuna buibui ambaye gamba lake jipya bado ni laini, na baada ya kujivua subiri wiki moja au mbili, hadi meno yaliyokuwa meupe yawe meusi, ndipo umlishe.

Jambo la mwisho ni kibali. Mei 2025 mahakama moja hapa Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya chungu (sisimizi) hai waliokamatwa nao bila kibali. Kwa hiyo fika makao makuu ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, barabara ya Lang'ata, uwaeleze jinsi ulivyompata buibui huyo na uulize sheria inakutaka ufanye nini.